Kijana Mwenye Mashaka Achague Masomo Gani ya Kompyuta?



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakisha kutangazwa, sisi walimu wa hapa Goma twapata wageni wengi kuliko siku zote. Waja wazazi, waja na vijana wenyewe, na wote wana swali moja: “Mwalimu, huyu mtoto aingie wapi?” Zamani majibu yalikuwa machache: ualimu, uganga wa hospitali, sheria, ama biashara. Siku hizi limeongezeka jibu jingine, nalo hutajwa kwa heshima na kwa woga pamoja: kompyuta.

Lakini wako wageni wa namna nyingine, ambao huja mmoja mmoja, tena jioni. Hao wamekwisha kuingia chuoni. Wamesoma mwaka mmoja, wameonja masomo ya kutunga programu, na wameona uchungu wake. Hawakushindwa kabisa, ila hawana tena imani na mikono yao. Wauliza: “Je, tuendelee? Na kama twaendelea, tuchukue masomo gani, tuache yapi?” Kwa ajili ya hao twaandika maneno haya, na kwa ajili ya wazazi wao pia, maana mara nyingi mtoto akitetemeka ni kwa sababu anajua karo imetoka wapi.

PROGRAMU NI KITU GANI?

Watu wengi wafikiri kwamba kutunga programu ni jambo la siri, ambalo wachache wamezaliwa nalo. Sivyo. Programu ni maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua, nayo mashine huyafuata bila kuongeza wala kupunguza.

Mtazameni mama anayeuza sambaza katika soko la Virunga. Mteja akija kuomba mkopo, kwanza mama atazama daftari la madeni. Kama mteja angali anadaiwa, hapewi tena mpaka alipe. Kama amelipa, deni lafutwa naye apewa. Jioni mama ajumlisha fedha zote, aondoa mtaji wa kesho, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Huo ni mpango kamili: una masharti yake, una marudio yake, una mwisho wake. Wataalamu wauita algoriti, na jina hilo limetokana na jina la mtu, yaani al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Basi jambo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta, na mama zetu walikuwa nalo kabla ya sisi kulipa jina.

Ugumu uko wapi basi? Uko katika ukali wa mashine. Mama akiruka hatua moja, akili yake yamrudisha njiani. Mashine haina akili hiyo. Ukisahau nukta-mkato moja tu katika lugha ya C au ya Java, yaikataa kazi yako yote. Tena yakukemea kwa Kiingereza, wewe uliyefundishwa somo lile kwa Kifaransa, nawe moyoni wafikiri kwa Kiswahili. Si ajabu kijana akiona kwamba amepotea. Amebeba mizigo mitatu kwa safari moja, naye adhani kwamba miguu yake ndiyo mibovu.

ALIYETANGULIA SI LAZIMA AWE NA KIPAJI

Siku ya kwanza ya masomo vijana hawaingii wote kwa mlango mmoja. Mmoja ametoka katika nyumba yenye kompyuta. Tangu utoto amecheza nayo, ameifungua na kuifunga, ameiharibu na kuitengeneza. Mwingine ameigusa mara ya kwanza siku ile ile ya mazoezi, tena wakiwa watano mbele ya mashine moja, naye yuko nyuma akichungulia juu ya mabega ya wenzake. Mwalimu akiuliza swali, yule wa kwanza ajibu upesi kwa maneno mageni. Huyu wa pili akaa kimya, akisema moyoni: “Wenzangu wamezaliwa na jambo hili. Mimi sina.”

Haya yameonekana hata katika nchi zenye mashine tele. Huko Pittsburgh, Marekani, kuna chuo kikuu kiitwacho Carnegie Mellon, ambacho siku hizi kina tawi lake hata Kigali, mwendo wa saa chache kutoka mpaka wetu. Watu wawili wa chuo hicho, Jane Margolis na Allan Fisher, walizungumza na wanafunzi wa kompyuta kwa muda wa miaka kadhaa, wakitaka kujua kwa nini wasichana ni wachache na kwa nini wengine waliacha. Mwaka 1995 wasichana walioanza masomo hayo chuoni hapo walikuwa 7 tu katika kila wanafunzi 100. Na walichokigundua ni hiki: wengi walioacha hawakuanza kwa kupoteza alama. Walianza kwa kupoteza imani. Walijilinganisha na wale waliokuja na mazoea ya miaka mingi, wakaona kwamba mazoea yale ni kipaji, wakakata tamaa wangali wanafaulu.

Chuo kikabadili desturi zake. Hakikutilia tena mkazo mazoea ya zamani kwa mtu anayetaka kuingia, na kikafungua ngazi mbalimbali za kuanzia, kila mmoja kwa kadiri ya alivyozoea. Mwaka 2000 wasichana walioingia walifika 42 katika kila 100. Habari hizo waliziandika katika kitabu mwaka 2002.

Chuo kingine, Harvey Mudd cha California, tangu mwaka 2006 kilitenga madarasa ya mwanzo: wasiowahi kutunga programu wakawa na darasa lao, na wenye mazoea wakawa na lao, ili maneno ya wajuzi yasiwafunge wengine midomo. Lugha ngumu ya Java ikaondolewa mwanzoni, ikawekwa Python, ambayo maandishi yake ni mepesi zaidi. Miaka michache baadaye wasichana katika masomo ya kompyuta pale walipanda kutoka kama 10 hadi kama 40 katika kila 100.

Angalieni vema, wasomaji. Hakuna aliyebadili vichwa vya wanafunzi. Walibadili mlango tu. Kijana wa Goma hawezi kubadili mlango wa chuo chake, lakini aweza kujua kwamba aligonga kichwa kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, wala si kwa sababu kichwa chake ni kibovu. Kujua hivyo ni nusu ya dawa.

NAFASI YA KUCHAGUA NI IPI?

Mji wetu haukunyimwa shule. Tuna Chuo Kikuu cha Goma. Tuna ULPGL, yaani Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu. Tuna ISIG, ambayo hata jina lake lataja informatiki na usimamizi. Na vingine pia. Lakini hapa kwetu mwanafunzi hachagui kila somo kama wafanyavyo Marekani. Orodha hupangwa na chuo. Kwa hiyo uchaguzi mkubwa ni wa mkondo: informatiki ya usimamizi, ama utengenezaji wa programu, ama mitandao na mawasiliano, kadiri chuo kilivyo.

Zaidi ya hayo, tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vikuu vya Kongo vilianza kuingia katika mpango wa LMD, yaani Licence, Master na Doctorat. Zamani mwanafunzi alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Katika mpango mpya licence ni miaka 3, na kila mwaka una krediti 60, jumla 180. Nao wanafunzi wengi hawajatambua jambo moja: krediti haihesabu saa za darasani tu, yahesabu na saa za kazi yako mwenyewe. Maana yake somo la programu lenye krediti nyingi ladai kwamba wewe uketi peke yako na mashine muda mrefu. Usipoketi, hukusoma somo hilo, hata kama ulihudhuria kila siku na daftari lako ni safi.

TUYATAZAME MASOMO MOJA MOJA

Kijana mwenye mashaka hutazama orodha ya masomo, naye aona ukuta mmoja mweusi kama mawe ya Nyiragongo. Ukikaribia ukuta huo waona kuna mawe makubwa na madogo.

Kwanza kuna algoriti. Hili ni somo la kupanga mawazo, wala halina haja kubwa ya mashine. Karatasi na kalamu vyatosha kuanzia. Ndilo msingi wa yote. Asiyelipenda hilo hata kidogo, baada ya kulijaribu kwa haki, na afikiri vema.

Pili kuna lugha za programu. C ni lugha ya mwaka 1972, kazi ya Dennis Ritchie. Ni kali, na yakuonyesha mashine mpaka mifupa yake. Java ina kanuni nyingi za kuandika kabla hujasema neno lako la kwanza. Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, yaachia mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Kama chuo chako chaanza na C, hakuna ubaya ukijifunza Python kidogo nyumbani kwanza. Atakayejua kupanga hatua katika lugha moja, ya pili itakuwa nyepesi kwake, kama vile ajuaye Kiswahili anavyojifunza Lingala upesi kuliko mgeni kabisa.

Tatu kuna hifadhidata, yaani maghala ya habari. Msingi wake uliwekwa na Edgar Codd katika makala ya mwaka 1970, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitoa lugha ambayo leo yaitwa SQL. Tabia ya lugha hiyo ni njema kwa mwoga: huiambii mashine hatua zote, waiambia unachotaka tu. “Nipe majina ya wote wanaodaiwa zaidi ya franga kadhaa.” Basi, yaleta. Twawajua vijana wengi waliokaribia kuacha masomo, nao walipata imani yao ya kwanza katika somo hili.

Nne kuna uchambuzi wa mifumo, ambao kwetu mara nyingi hufundishwa kwa njia ya Merise, iliyozaliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapa mwanafunzi hutazama ofisi, hospitali au duka, akauliza: nani anampa nani karatasi gani, na kwa sababu gani? Mtu msikivu, mwenye utaratibu, atalipenda somo hili hata kama vidole vyake ni vizito.

Tano kuna mitandao na matengenezo ya mashine. Hapa mikono hufanya kazi na nyaya, vifaa na namba. Programu zipo, lakini ni chache na fupi.

Sita kuna hesabu, mantiki na takwimu. Vijana huyakimbia, lakini ni rafiki wa kweli. Aliyeshika mantiki hatatishwa na “ikiwa” na “la sivyo” za programu.

HABARI YA BINTI MMOJA

Mwishoni mwa mwaka 2024 binti wa dada yetu alimaliza mwaka wake wa kwanza wa kompyuta katika chuo kimoja cha hapa mjini. Katika uchambuzi wa mifumo alipata 15 juu ya 20, katika takwimu 14. Katika programu alipata 8. Nyumbani hakuna aliyetaja 15 wala 14. Wote walitaja 8.

Januari 2025 vita vikafika mjini. Tarehe 27 kundi la M23 likaingia Goma, na benki zikafunga milango. Mama yake, muuza sambaza, alikuwa na akiba ndogo, na fedha zile zilikuwa za kula au za karo. Kwa vyote viwili hazikutosha. Masomo yalipoanza tena, baraza la ukoo likaketi. Baba mdogo wake akasema wazi: “Binti huyu ameshindwa. Tusitupe fedha ziwani. Ajifunze kushona.” Wala hakusema kwa ubaya, alikuwa amepoteza duka lake, naye alihesabu kila franga.

Binti akaja kwetu jioni. Akasema: “Mjomba, wenzangu wakiona swali waanza kuandika pale pale. Mimi nakaa nikitazama tu. Labda kazi hii si yangu. Nataka kuwaambia nyumbani kwamba baba mdogo ana haki.”

Tukamwuliza: “Mama, katika muhula mzima, wewe peke yako uliketi mbele ya mashine saa ngapi?” Akahesabu kwa vidole. Akasema: “Pengine saa sita, Mjomba.” Tukamwuliza tena: “Na yule anayeandika upesi kuliko wote?” Akajibu: “Yeye ana mashine yake tangu sekondari.”

Tukaomba kuona karatasi yake ya mtihani. Swali lilikuwa la kupanga majina ya wagonjwa wa zahanati na kuwahesabu. Hatua zake zilikuwa sawa, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Alama alizipoteza katika alama za kuandikia: hapa hakufunga mabano, pale amesahau nukta-mkato, mahali pengine ameandika neno la Kiingereza vibaya. Tukamwambia: “Mama, wewe huna ugonjwa. Una njaa tu. Kichwa kinapanga vema. Vidole havijala saa za kutosha.”

Siku ya pili tulikwenda naye kwenye baraza, na karatasi ile mkononi. Baba mdogo ni fundi wa chukudu tangu ujana wake. Tukamwuliza: “Baba, kijana anayekuja kwako kujifunza, chukudu yake ya kwanza yaenda wima?” Akacheka, akasema: “Ya kwanza huiachi barabarani, itamwua mtu.” “Na ya pili?” “Ya pili nayo yavuta upande.” “Wamfukuza?” Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: “Namtazama kama anajua kuchagua mti. Anayejua kuchagua mti, mkono utafuata.” Tukampa ile karatasi. Hakuweza kuisoma, lakini alielewa.

Wakakubaliana kumpa mwaka mmoja. Uchaguzi wa mkondo ukawa huu: aingie informatiki ya usimamizi, kwa kuwa huko uchambuzi na hifadhidata, yaani nguvu zake, ni nguzo, lakini asilikimbie somo la programu. Alirudie lile la mwaka wa kwanza, wala asijitwike somo lingine zito la programu kabla hajaweza hilo. Msichana jirani, anayesoma chuo kingine, alikuwa na mashine nzee. Wakapatana kuketi wawili mara tatu kila juma, mmoja akiandika, mwingine akimsomea na kumsahihisha, kisha wabadilishane. Umeme ulipokatika waliendelea kwa karatasi, wakifuata programu mstari kwa mstari kama kwamba wao ndio mashine.

Mwisho wake? Hakuwa wa kwanza darasani, wala hatungependa kuwadanganya. Alipata 12 katika programu na 16 katika hifadhidata. Alimtungia mama yake daftari la madeni katika kompyuta, na mama akalisifu, lakini angali anaandika katika lile la karatasi, maana, asema, daftari lake halizimiki umeme ukikatika. Tena yeye huketi bado na kutazama kabla ya kuandika. Tofauti ni kwamba sasa ajua ya kuwa kutazama kule ndiko kufikiri.

MASHAURI MACHACHE

Kutokana na hayo twawapa vijana mashauri yafuatayo.

La kwanza: msipime akili yenu kwa ulimi wa jirani. Ulizeni saa zake, kisha hesabuni saa zenu. Mkiisha kulinganisha saa, ndipo mwaweza kulinganisha alama.

La pili: msichague masomo ili kuficha udhaifu. Wako wanaotafuta mkondo ambao hautawadai programu hata moja. Mkondo huo, hata kama upo, wawatoa na cheti kisicho na kitu ndani. Mtu wa mitandao asiyeweza kusoma programu fupi, au mtu wa hifadhidata asiyejua algoriti, atakuwa mtumwa wa mwenzake maisha yote. Lisheni mkono ulio dhaifu; msiufunge kwa kitambaa.

La tatu: msijitwike mawili mazito pamoja. Mahali chuo kinapowaachia nafasi, somo moja la programu liwe kati ya masomo mnayoyaweza. Haba na haba hujaza kibaba. Kijana anayechukua mawili ili afidie mwaka uliopotea, mara nyingi hupoteza na wa pili.

La nne: kabla ya kuchagua, waulizeni waliowatangulia, wala msiulize tu kama mwalimu ni mkali. Ulizeni hivi: je, wanafunzi wanapata saa ngapi kwenye mashine? Mtihani hufanywa kwa karatasi ama kwa mashine? Je, yupo msaidizi wa kujibu maswali baada ya darasa? Somo gumu lenye mazoezi mengi ni jepesi kuliko somo jepesi lisilo na zoezi hata moja.

La tano: asiye na kompyuta asikae bure. Katika simu za kisasa zipo programu za kuandikia Python, na mistari kumi kwa siku si kazi ya kuua. Kwa karatasi pia yawezekana.

La sita lahusu akili bandia. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotokea ChatGPT, mwanafunzi aweza kuomba programu nzima, naye apewa kwa dakika moja. Kishawishi hicho chawaandama hasa wenye hofu. Itumieni kama mwalimu wa jioni: iulizeni maana ya kosa, iulizeni kwa nini mstari fulani umeandikwa hivi. Lakini mtoto anayebebwa mgongoni kila siku hajifunzi kutembea, hata kama anafika sokoni pamoja na mama yake.

La saba: mjipe jaribio la haki, kisha mkubali jibu lake. Jaribio la haki ni muhula mmoja wenye saa za kutosha, mashine ya kutumia, na mtu wa kuuliza. Kama baada ya hayo moyo wangali wachukia kazi yenyewe, si aibu kugeuka. Kituo chetu cha kuchunguza volkano chahitaji watu wa kutunza habari za mitetemeko ya ardhi. Hospitali zahitaji watu wa kupanga habari za wagonjwa. Vyama vya wakulima wa kahawa vyahitaji watu wa kuhesabu kwa uaminifu. Si wote hao watunga programu hodari. Lakini ageuke yule aliyejaribu, asigeuke yule aliyeogopa tu.

KWA WAZAZI

Enyi akina baba na akina mama, twaomba neno moja kwenu. Msiseme kwamba kompyuta ni kazi ya wavulana. ENIAC, ile kompyuta kubwa ya Marekani iliyoonyeshwa kwa watu mwezi wa Februari 1946, iliandaliwa programu zake na wanawake sita. Na mwanamke mwingine, Grace Hopper, ndiye aliyeonyesha kwamba mashine yaweza kuagizwa kwa maneno yanayofanana na lugha ya watu. Kazi yake ndiyo msingi wa COBOL, lugha ya mwaka 1959 iliyotumiwa na mabenki ulimwenguni miaka mingi. Binti zenu hawaombi kuingia shamba la wengine.

Tena mtoto akileta matokeo, msisome namba ndogo peke yake. Someni zote, kisha mwulize: “Somo hili ulilifanyia kazi vipi, na nani alikuwa pamoja nawe?” Swali hilo halina gharama, nalo lafungua mengi kuliko karipio. Na kama mwaweza kununua kitu kimoja tu katika mwaka, muda wa mashine ni bora kuliko nguo mpya za chuoni.

Mji huu umezoea kuanza upya. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati yake, na mwaka 2021 volkano ikawaka tena; mara zote watu walirudi, wakayavunja yale mawe meusi, wakayajengea nyumba. Hawakungoja mpaka mikono iache kutetemeka. Walianza na jiwe dogo, lile walilolimudu, kisha wakafuata la pili. Vijana wetu, yachagueni masomo yenu hivyo hivyo.